Kasa na Mfuko Katika Picha Moja

Mkaazi wa Nyakabuye, huko Rwanda, ambaye jicho lake limezoea vilima vya Rusizi na msitu mdogo wa Cyamudongo ambamo sokwe wangali wakiishi, akionyeshwa picha ya kasa aogeleaye baharini ana haki ya kuuliza kiumbe huyo amhusu nini, ilhali pwani za Mombasa na Dar es Salaam ziko mbali naye kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Jawabu la swali hilo liko mtoni. Maji ya mvua yateremkayo kutoka Nyakabuye huingia bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga, hujiunga na mto Ruzizi, na Ruzizi huyapeleka Tanganyika, ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga penye mji wa Kalemie. Lukuga huingia Lualaba, Lualaba ndiyo Kongo, na Kongo humwagikia Bahari ya Atlantiki. Sisemi kwamba kila chupa itupwayo mferejini hapa itafika huko. Nyingi hukwama njiani, na mitambo ya umeme ya mto Ruzizi karibu na Bukavu imekwisha kusumbuliwa mara nyingi na takataka za plastiki. Walakini kilichokwama hakikutoweka, na samaki wa Tanganyika, ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, hawana pa kukimbilia.

Sanaa ya kuchora wanyama si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza mnamo 1968 kuchora chui, tembo na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari, akiviuza Oyster Bay. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, na muda wake wote katika sanaa haukuzidi miaka minne au mitano. Lakini jamaa na wanafunzi wake, ambao ushirika wao ulisimama mwaka 1990, waliieneza kazi hiyo, na baadhi yao wakashuka nayo kutoka mbugani hadi baharini, wakachora kasa, pweza, taa na samaki wa matumbawe.

Namna yenyewe ya kazi yastahili kutazamwa. Msanii hupaka ubao wote rangi iliyo kama maji ya bahari, huuacha ukauke, kisha huweka umbo la kasa kwa rangi moja iliyokoza. Baada ya hapo huligawa gamba la mgongoni vipande vipande, na kila kipande hukijaza nukta ndogo ndogo kwa subira kubwa, mpaka mnyama mzima ang'ae. Rangi hiyo ya baiskeli, kwa kuwa ni ya mafuta na yenye kung'ara, haijui kivuli cha taratibu. Kila kitu huonekana waziwazi, kimekaa mbele ya macho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wachoraji wengi wa bahari. Picha zao aghalabu ni nzuri na bubu: matumbawe yamechanua, samaki wamejaa tele, na hakuna wavu uliotupwa, wala baruti iliyovunja miamba, wala mfuko. Siwalaumu, kwa maana msanii hula kwa mnunuzi, na mtalii hanunui huzuni. Lakini picha inayodai kuitetea bahari haina budi kuliingiza dhara ndani ya fremu. Kasa hula konyeza, na mfuko wa plastiki uliolegea majini hufanana na konyeza hata kasa akaumeza, ukamziba matumbo. Basi mchoraji stadi na achore konyeza saba na mfuko mmoja, vyote kwa weupe ule ule na mng'aro ule ule, ili mtazamaji naye adanganyike kwanza, kisha agutuke. Hilo litafanya kazi kuliko maneno ya onyo yaandikwayo chini ya picha.

Watu wa Lamu walikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndala zipatazo 30,000 za kila rangi, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Takataka yenyewe ndiyo iliyokuwa rangi.

Rwanda, nchi isiyo na bahari, iliharimisha mifuko ya plastiki mwaka 2008, kabla ya Kenya iliyofanya hivyo mwaka 2017 na Tanzania Bara iliyofuata 2019. Rwanda ina pia sanaa yake ya imigongo, itengenezwayo kwa samadi ya ng'ombe na majivu, ijapokuwa asili yake ni michoro ya mistari na pembe pasipo wanyama. Nawaomba walimu wa Nyakabuye, kabla ya kuwaagiza watoto kuchora kasa ambaye hawajapata kumwona, wawapeleke kwanza mtoni mvua kubwa inapokatika, wawaache wachore kile walichokiona kikipita.