Hewa Iliyobanwa na Usalama wa Jicho

Siku za Idi watoto wengi wa pwani hununuliwa bunduki za plastiki. Mtoto wa Nyamisati, katika delta ya Rufiji, aishikapo bunduki hiyo kwa mara ya kwanza huiona kuwa kitu cha kuchezea tu.

Ndani yake hamna baruti, bali springi na pistoni. Springi ikifyatuka husukuma pistoni. Hewa iliyo mbele hubanwa, kanieneo yake huongezeka, na kidonge cha plastiki hutoka mtutuni. Jambo hili hudhihirika darasani kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano: tundu likizibwa kwa kidole na bomba likisukumwa, kidole huhisi msukumo wa hewa.

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika eyasofti, mchezo wa watu wazima ulioanza Japani katika miaka ya 1970. Kidonge cha gramu 0.2, chenye mwendokasi wa mita 100 kwa sekunde, kina nishati ya ½ × 0.0002 × 100 × 100, yaani jouli 1. Embe la gramu 100 lililoanguka mita 1 lina nishati ipatayo kiasi hicho. Lakini embe hutawanya pigo lake. Kidonge, chenye kipenyo cha milimita 6, hulikusanya mahali padogo. Ngozi itavimba, jicho laweza kupofuka.

Kwa hiyo mchezaji mgeni wa eyasofti huvaa miwani ya kinga kabla ya kuingia uwanjani. Bunduki ya mtoto ina nguvu ndogo zaidi, lakini mtoto hana miwani. Kinga yake ni kulenga kopo, wala si uso wa mwenziwe.