LULU ZA KUFUGWA: UTACHAGUA IPI?

Tuseme wewe umekwenda dukani kwa sonara. Ametandaza mikufu miwili ya lulu, yote myeupe, lakini mmoja bei yake ni kali sana. Je, utachukua upi?

Zote ni lulu za kufugwa, yaani mtu hutia kitu kidogo mwilini mwa chaza, naye chaza hukifunika kwa utando unaong'aa. Ile ya bei kali ni Akoya, itokayo baharini, hasa Japani. Ndani yake mna shanga ya gamba, na utando wake ni mwembamba. Lakini hung'aa mno! Nyingine hufugwa katika mabwawa na maziwa ya Uchina. Kombe mmoja huweza kutoa lulu zaidi ya 20, ndiyo maana ni rahisi. Nyingi hazina shanga: ni utando mtupu mpaka katikati.

Kwa arusi, Akoya hupendeza. Kwa kuvaa kila siku, mimi ningenunua ile rahisi, maana utando wake hauishi upesi. Pete ya lulu siipendi. Lulu ni laini, na mkono hugongagonga.

Kabla hujalipa, mwombe sonara ruhusa, kisha isugue lulu taratibu kwenye ncha ya meno. Lulu hukwaruza kama mchanga mwembamba. Ikiteleza, yaelekea ni kioo kilichopakwa rangi.