Mtoto haoni ubao? Usimwite mjinga

Siku moja simama ufukoni Kilwa Masoko pamoja na watoto wako. Tazameni ng'ambo, Kilwa Kisiwani. Mtoto wa kwanza atasema, "Baba, naliona Gereza." Wa pili atasema, "Mimi naona na jahazi linatweka tanga." Wa tatu atakunja macho, kisha atanyamaza. Leo tunazungumza habari za huyo wa tatu.

Nyumbani mtoto huyo hana taabu. Akichambua mchele haachi kijiwe hata kimoja. Akitunga uzi kwenye sindano, unaingia mara moja. Lakini shuleni, mwalimu akiandika hesabu ubaoni, yeye anaona weupe wa chaki tu. Ananakili kwa jirani yake. Jirani akikosea, naye anakosea. Mwisho anaitwa mvivu, anachapwa, na shule inamchosha. Kumbe akili anayo. Anachokosa ni kuona mbali.

KWA NINI HAONI MBALI?

Jicho ni duara kama mpira mdogo. Mwanga huingia kwa mbele. Nyuma kuna utando unaopokea picha. Katika jicho lenye afya, picha huangukia juu ya utando huo. Jicho la mtoto huyu limerefuka kupita kiasi. Picha inaangukia kabla ya kufika kwenye utando. Kwa hiyo vitu vya mbali anaviona kama vimefunikwa na ukungu.

Mtoto anapoendelea kukua, jicho nalo huendelea kurefuka. Ndiyo maana tatizo huzidi mwaka hadi mwaka. Jicho likirefuka sana, utando huvutwa na kuwa mwembamba. Ukubwani unaweza kuchanika, na mtu akapoteza macho.

Jambo hili si uchawi, wala si laana. Mara nyingi hutoka kwa wazazi. Tena huwapata zaidi watoto wanaokaa ndani sana na kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu, kama vitabu na simu.

Hata hapa Tanzania lipo. Mwaka 2002 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa wanafunzi 2,511 wa sekondari katika mji wa Mwanza. Kati ya kila wanafunzi 100, karibu 6 walikuwa hawaoni mbali vizuri. Wengi wa wale waliohitaji miwani hawakuwa nayo.

JE, TUNAWEZA KULIPUNGUZA MWENDO?

Ndiyo. Jicho lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Lakini siku hizi wataalamu wanajua njia za kulifanya lirefuke polepole.

Njia moja ni lenzi za machoni. Hizi ni vipande laini, vyembamba, vinavyobandikwa juu ya jicho lenyewe. Ziko nyingi za kawaida, ambazo kazi yake ni kumwezesha mtu kuona tu. Lakini ziko za namna ya pekee kwa watoto. Sehemu ya katikati humpa mtoto kuona mbali. Miduara iliyoizunguka huupanga mwanga kwa namna inayolizuia jicho lisiharakishe kurefuka.

Lenzi moja ya namna hiyo huitwa MiSight. Ilipimwa kwa miaka 3 kwa watoto wa Ureno, Uingereza, Singapore na Kanada. Kwa watoto walioivaa, tatizo liliongezeka kwa kiasi kisichofika nusu ya lile la watoto waliovaa lenzi za kawaida. Mwaka 2019 Marekani iliiruhusu kwa watoto wanaoanza kuivaa wakiwa na miaka 8 hadi 12. Lenzi hii huvaliwa siku moja, jioni hutupwa. Kesho huvaliwa mpya.

Ziko pia miwani za namna ya pekee, na matone ya dawa, ambayo daktari wa macho huweza kuyatoa kwa kazi hiyo hiyo.

LENZI ZINA MASHARTI

Ndugu mzazi, usikimbilie lenzi bila kufikiri. Anayezivaa lazima anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kila anapozigusa. Zisiguswe na maji ya kisima, ya mtungi, wala ya bahari. Majini kuna vijidudu vinavyoweza kuingia chini ya lenzi na kula kioo cha jicho. Mtoto asiogelee nazo. Asilale nazo. Jicho likiuma au likiwa jekundu, azitoe mara moja na kwenda hospitali.

Watoto wetu wa pwani ni watoto wa maji. Tena lenzi mpya kila siku, kwa miaka mingi, ni gharama kubwa. Kwa hiyo kwa wengi wetu miwani ndiyo njia ya kuanzia. Miwani ya kawaida haizuii jicho kurefuka. Lakini inamrudishia mtoto ubao siku hiyo hiyo.

Wapo wasemao kwamba miwani huharibu macho. Si kweli. Ila usimpe mtoto miwani ya babu yake. Ile ni ya kusomea karibu, haimfai.

NINI LA KUFANYA?

1. Mpime mtoto wako kwa kumwonyesha vitu vya mbali. Funika jicho moja, kisha la pili. Linganisha na wenzake.

2. Mwalimu akikuambia, "Mama, mwanao haoni ubao," usikasirike. Mshukuru. Mwombe amkalishe mbele.

3. Nenda zahanati ukaulize wapi na lini macho yanapimwa. Unaweza kuuliza pia Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini.

4. Usitie machoni majani, maziwa wala dawa usiyoijua.

5. Waache watoto wacheze nje mchana. Katika mji wa Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo hili. Katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Ufuko na uwanja tunao, wala hatulipii.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, mtazame tena yule mtoto anayekunja macho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, ni mtoto gani anayeitwa mjinga? Je, macho yake yamepimwa?

2. Kwa nini lenzi za machoni zisiguswe na maji ya kisima?