Ukuta wa kariere na faili yenye kuuhesabia

Mvua ya mwezi wa 11 ikianza kunyesha Kolwezi, kila mutu anayeshuka mu kariere anatupa jicho ku ukuta. Baenjeniere nao wanauangalia, lakini ku ordinatere: programu ya simulasio inahesabia kama mabwe yatasimama ao yataanguka. Ku nyumba tunasikia tu "ordinatere imesema iko sawa." Sasa ordinatere inatosha wapi ile jibu?

Tuchukue MFront, programu ya Ufaransa iliyotengenezwa ku CEA, shirika la mambo ya atomiki. EDF, kampuni ya umeme, inasaidia kuiendesha, na tangu 2014 mutu yeyote anaweza kuichukua bule. Ilianza na mambo ya nyuklia. Leo inatumiwa hata kwa udongo na mabwe. Ziko zingine, lakini faili yake inasomeka.

Enjeniere anaandika mistari michache, na amri zake zinaanza na alama @. Anaeleza ginsi libwe linabeba uzito na fasi gani linaacha kubeba. Kiisha MFront inasoma ile faili na kuandika yenyewe kodi ya C++, mistari mingi sana kupita ile ya enjeniere. Kompilatere inageuza ile kodi kuwa programu yenye kutembea, na simulasio inaiita mara maelfu, kila fasi ya ukuta. Ni kazi nzuri: mutu anayejua mabwe hana lazima ya kuwa fundi wa kodi.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Coulomb, Mfaransa, aliieleza tangu 1773: libwe linakataa kuteleza kwa mshikamano wake, pamoja na msuguano unaotoka ku uzito wenye kuligandamiza. Mayi yakijaa mu nyufa, yanasukuma, na ule mgandamizo unapunguka. Tufanye mfano wetu: mshikamano kilopaskali 50, mgandamizo 400, pembe ya msuguano digri 30. Bila mayi, nguvu ni karibu 281. Mayi yakisukuma kwa 150, inabakia 194. Karibu sehemu moja ya tatu imeenda, na kwa macho ukuta ni uleule!

Programu haiwezi kujua ile. Inaweza kukamata mutu anayejumlisha mgandamizo na urefu, lakini ukiandika 500 fasi ya 50, itahesabia bila kulalamika na kukupa rangi nzuri ku ekra. Mshikamano unatoka ku karoti za mabwe zilizopimwa ku laboratware. Mayi yanatoka ku piezometre, zile bomba za kupima mayi mu ardhi. Na ufa mupya, ni nani anauona wa kwanza? Si ordinatere, ni mutu wa ekipe ya usiku. Aseme fasi na saa, waandike.

Kuna kitu kingine kidogo chenye hatari. Enjeniere akibadilisha kanuni mu faili na kusahau kutengeneza kodi upya, simulasio inaendelea kutumia ile ya zamani. Kwa hiyo mu mukutano wa usalama, delege anaweza kuuliza mawili: vipimo vya mayi ni vya tarehe gani? Na kodi ilitengenezwa upya nyuma ya mabadiliko?

Wachimbaji wa mukono, wao hawana faili yoyote. Kwao ni paka macho, na mvua ni ileile.