Kumbukumbu za Mabaharia Waliopotea

Wazaramo, wenyeji wa Buguruni na viunga vyote vya Dar es Salaam, walikuwa na desturi ya kusimika juu ya makaburi ya baadhi ya watu wao nguzo ya mti iliyochongwa, na kichwani mwake umbo la mwana hiti. Lakini nguzo hutaka kaburi. Je, baharia asiyerudi, yake isimikwe wapi? Twalieleza neno hili kwa ajili ya walimu ambao shuleni mwao wamo watoto wa mabaharia.

Lugha yenyewe yajua tofauti. Aliyeonwa akizama husemwa amekufa maji, kama vile mtu afavyo njaa. Ambaye chombo chake hakikuonekana tena amepotea, na neno hili halifungi mlango. Mamaye aweza kungoja miaka mingi. Twaona haifai fundi kuchonga "amekufa" kabla jamaa hawajalisema wenyewe.

Mifano iko karibu, ng'ambo ya mlango wa bahari, Unguja. Katika kanisa la Mkunazini, alilolijenga Askofu Edward Steere (jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873), yako madirisha ya vioo vya rangi ya kuwakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa katika kuizuia biashara ya watumwa. Na kisiwani Chapwani wamezikwa mabaharia wa manowari Pegasus, iliyopigwa na Königsberg bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Hao walikuwa na daftari: jina, cheo, meli. Watu wa jahazi mara nyingi hawakuandikwa popote. Hata meli Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ilichukua watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa, na wengi hawakupatikana.

Basi kabla ya kushika patasi, yaulizwe majina, na chombo kilikuwa cha namna gani. Fundi aliyezoea picha za vitabu huchonga merikebu ya milingoti mitatu, na mjane aliyemwona mumewe akiisukuma ngalawa majini hataitambua. Ubao wa mninga wafaa, kwani mchwa hauuli upesi. Umbo la mtu lisichongwe bila idhini. Jamaa wengi wa Buguruni ni Waislamu, nao huenda wakachukizwa. Siku isipojulikana, yaandikwe majira, kusi au kaskazi, pamoja na mwaka, na ubao wapewe jamaa, wauweke watakapo wenyewe.