Nani Atwikwe Kazi ya Ukurasa?

Aghalabu wajenzi wa tovuti hubishana kama vijenzi vya wavuti, yaani vile vipande vya ukurasa ambavyo mtu huviunda mwenyewe, akavipa jina lenye kistari katikati, kisha akavitumia popote mithili ya lebo za asili za HTML, huongeza kasi ya ukurasa ama huipunguza. Jawabu halimo katika vijenzi vyenyewe, bali katika kutambua ni kazi ipi iliyoachiwa kivinjari na ni ipi iliyotwikwa JavaScript.

Kivinjari kipokeapo HTML huanza kuisoma na kuichora hata kabla haijawasili yote. Ilhali JavaScript sharti ipakuliwe na kuchambuliwa, ndipo itekelezwe, na utekelezaji huo hupita katika njia ile ile moja ambamo ukurasa hupangwa na mguso wa mtumiaji hupokewa. Skrini inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde huupa kila mchoro milisekunde 16 na ushei. Nayo kazi izidiyo milisekunde 50 pasipo kukatika huhesabiwa kuwa ndefu, kwani abonyezaye kitufe wakati huo hana budi kungoja.

Ushahidi ulio bayana ni kisa cha YouTube. Sura yake mpya ya mwaka 2017 ilijengwa kwa Polymer, maktaba ya kuundia vijenzi vya wavuti, ikategemea toleo la awali la Shadow DOM, ule uzio unaozuia mitindo ya ndani ya kijenzi isichanganyike na ya ukurasa mzima. Toleo hilo halikuwamo katika Firefox wala Edge ya zama zile, hivyo ikabidi liigizwe kwa JavaScript ya ziada; na mwaka 2018 ofisa mmoja wa Mozilla alitangaza hadharani kwamba katika vivinjari hivyo kurasa hizo zilichukua muda mara tano kufunguka kuliko katika Chrome. Vijenzi vilikuwa vile vile. Aliyebadilika ni mbebaji wa kazi.

Tangu hapo mambo yametengenea. Kanuni ya Shadow DOM iliyoafikiwa na wote iliingia Firefox Oktoba 2018 na Edge Januari 2020. Na tangu Februari 2024 vivinjari vyote vikubwa huweza kuusimamisha uzio huo kwa HTML tupu, hata maandishi yakaonekana kabla JavaScript haijafika. Fauka ya hayo, kivinjari kinachojua kwamba mtindo wa ndani hauvuki mpaka huweza kupunguziwa hesabu pindi kitu kinapobadilika.

Basi mjenzi mwenye hadhari asitume vijenzi vitupu vinavyongoja kujazwa, wala asiandike kwa JavaScript lile ambalo HTML au CSS yaweza kulitenda. Na kabla ya kuridhika, apime kwa simu ya bei nafuu iwapo mguso hujibiwa ndani ya milisekunde 200.