Bonsai ya mkwaju: nenepesha shina shambani, chungu baadaye

Mwaka huu swali moja nimeulizwa Nachingwea, nikaulizwa tena Ruangwa: "Afisa, ile miti midogo ya kwenye vyungu tunayoiona kwenye simu, na sisi huku tunaweza kuitengeneza tukauza?"

Tunaweza. Shida ni kwamba wengi wanaanzia mwisho. Mtu ananunua chungu kizuri kwanza, anapanda mche wa miezi minne, halafu anakaa anasubiri uzeeke. Hauzeeki. Miaka mitatu inapita, shina bado lina unene wa kalamu, na mteja akija anaona mche tu, sio mti.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Bonsai ni neno la Kijapani, maana yake mmea uliopandwa kwenye chombo, na Wajapani wenyewe ufundi huu waliutoa China. Sio aina ya mti. Hakuna mbegu ya bonsai, kwa hiyo ukiona mtu anauza "mbegu za bonsai" mtandaoni ujue anakuuzia mbegu za mti wa kawaida. Udogo unatokana na mkasi: unapunguza matawi juu na mizizi chini, miaka nenda rudi. Ukiurudisha ardhini na kuuacha, unakuwa mti mkubwa kama wenzake.

Kwa anayeanza, mimi nashauri mkwaju. Jina lake la Kiarabu maana yake ni tende ya Kihindi, ndiyo maana wengine wanadhani umetoka India, lakini asili yake ni Afrika hii hii. Majani yake tayari ni madogo, kwa hiyo hata ukiwa na urefu wa sentimita 25 unaonekana kama mti mzima. Unavumilia kukatwa, unavumilia jua. Na mbegu unazitupa kila ukitengeneza juisi ya ukwaju.

Mbuyu nao unapendeza, shina lake linajaa mapema, ila unaoza ukizidisha maji wakati umeangusha majani. Mpingo usianze nao, unakua polepole mno. Hapa niseme jambo. Kuna vijana wanaona njia ya mkato ni kwenda porini kung'oa mpingo au mkwaju uliodumaa wenye shina nene tayari. Mti wa namna hiyo mzizi wake mkuu umeenda chini sana. Ukiung'oa kiangazi unatoka na kipande cha mzizi mnene kisicho na mizizi midogo ya kunyonya maji, unachipua kidogo, halafu unakauka. Na kwenye misitu ya hifadhi, ikiwemo ile ya vijiji, kuchukua mti bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kamati ya maliasili ya kijiji ikikukamata na mche begani usinipigie simu.

Sasa kazi yenyewe. Mwezi wa tisa au wa kumi loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, kisha panda kwenye viriba vilevile tunavyotumia kwa miche ya korosho. Ndani ya wiki mbili hivi zitaanza kutoka. Otesha nyingi kuliko unazohitaji, uje uchague.

Januari mvua zikishakaa vizuri, hamishia shambani. Ndiyo, shambani, kwenye ardhi. Hapa ndipo biashara yote ilipo, kwa sababu shina linanenepa pale mizizi inapopata nafasi na majani yanapokuwa mengi. Kwenye chungu vyote viwili umevibana. Kabla ya kupanda kata ncha ya mzizi mkuu, halafu chini ya mche weka kipande cha kigae au sahani iliyovunjika. Mzizi ukigonga pale unalazimika kutambaa pembeni, na siku ya kuchimba utapata mizizi mingi ya juu badala ya mmoja uliozama. Zungushia miiba, maana mbuzi wanaupenda sana mkwaju, na palilia vizuri usiachie mabaki makavu kwenye shina yakaita mchwa.

Uache ukue miaka miwili au mitatu. Usiuonee huruma kwa kuwa umekuwa mrefu, wala usiukate kate. Urefu huo ndio unaolisha shina.

Shina likifika unene unaoutaka, subiri mwanzo wa mvua, Desemba, ukate. Kipimo cha kuanzia: urefu wa mti uliokamilika uwe kama mara sita ya unene wa shina chini. Shina la sentimita 4 linabeba mti wa sentimita 24. Wewe kata chini zaidi ya hapo, kwa mshazari, ili chipukizi jipya lijazie urefu uliobaki na shina lionekane linapungua unene kwenda juu. Waliozoea kupogolea mikorosho hawatapata shida hapa, mkono ni uleule.

Msimu unaofuata ndio unachimba. Punguza mizizi minene, tunza ile midogo, weka kwenye chombo kipana kisicho na kina. Beseni la zamani au dumu la lita 20 lililokatwa linafaa kujifunzia, muhimu matundu. Udongo wa shamba mtupu unashikamana. Changanya mchanga mkubwa wa mtoni, vipande vya tofali la kuchoma vilivyopondwa, na samadi iliyooza kidogo. Weka kivulini wiki mbili tatu, kisha rudisha juani. Juani kabisa, sio juu ya meza ya televisheni!

Kuanzia hapo ni mkasi. Tawi likitoa majani matano au sita, rudisha kwenye mawili. Tawi unalotaka kulipinda, lizungushie waya laini wa shaba kutoka nyaya chakavu za fundi umeme (sio za kwenye nguzo jamani), na uutoe kabla haujazama kwenye ganda.

Sasa hesabu, maana nyie ni wafanyabiashara. Chukua miti 20 iliyoko kwenye vyombo. Kiangazi kikali kila mmoja unataka kama nusu lita asubuhi na nusu lita jioni. Hiyo ni lita 20, dumu moja kila siku. Septemba hadi Novemba ni siku 91, yaani madumu 91. Zidisha kwa bei ya dumu mtaani kwako. Na miezi hiyo ndiyo ya kuokota korosho na kufuatilia minada, nyumbani hakuna mtu wa kumwagilia. Siku chache tu za kusahau zinaua kazi ya miaka minne. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha mingi ardhini, ambako mti wa mwaka wa pili unajitafutia maji wenyewe, na kuhamisha kwenye vyombo ile tu unayoweza kuihudumia, hata kama ni mitano.

Wanunuzi usiwasubiri kijijini. Wako kwenye hoteli na kwa wauza maua wa Lindi, Mtwara na Dar es Salaam. Peleka picha ya shina kwa karibu, ndicho kitu cha kwanza watakachoangalia.

Na mkwaju wako ukiangusha majani mwezi wa kumi usiutupe. Kwaruza ganda kwa ukucha. Ukikuta kijani mti uko hai, punguza maji kidogo lakini udongo usikauke kabisa, na usiguse mkasi mpaka uchipue.